Lami imefika Kamembe, saa za mpaka zimebaki nyuma

Lori la viazi likiondoka Rubavu alfajiri linaweza kushusha mzigo Kamembe mchana wa siku hiyo hiyo. Kwa kijana wa leo hiyo si habari. Kwa aliyekuwa akifanya biashara kando ya Ziwa Kivu miaka 20 iliyopita ni jambo kubwa, maana anakumbuka vumbi la kiangazi, utelezi wa masika, gari lililolala Karongi likisubiri njia ikauke, na nyanya zilizofika sokoni zikiwa mchuzi.

Rwanda imetumia fedha nyingi kwa barabara katika kipindi hicho, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo ambayo watoto wetu watashiriki kuilipa. Kwa hiyo ni haki kuuliza zimeleta nini. Jibu la gazeti hili ni kwamba zimeleta mengi, na kwamba faida yake inavuja mahali padogo sana: kwenye mita chache za madaraja ya Rusizi, na kwenye saa za kufungua na kufunga mpaka.

Biashara ya kuvuka hapa ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Eneo hili liliitwa Kinyaga kabla halijaitwa Cyangugu, na Cyangugu kabla ya Rusizi. Watu wa Kinyaga walifanya biashara na wenzao wa ng'ambo ya ziwa kwa butega, pete za nyuzi zilizosukwa katika misitu ya upande wa magharibi, zilizovaliwa na wanawake miguuni na kutumika kama fedha. Mitumbwi ilileta butega, mifugo na vyakula vikaenda upande wa pili. Mpaka ulikuja baadaye, mwaka 1910, Wajerumani na Wabelgiji walipokubaliana huko Ulaya nani achukue nini, na kisiwa cha Ijwi kikaenda upande wa Kongo. Majirani waliamka wakiwa chini ya watawala wawili. Soko halikuarifiwa, likaendelea.

Mzigo wa kutoka pwani wakati huo ulikuja kichwani. Richard Kandt, Mjerumani aliyeweka makazi yake Shangi kando ya Kivu mwishoni mwa karne ya 19 na kuanzisha Kigali mwaka 1907, alifika huku kwa miguu na msururu wa wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ile ya Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, lakini Rwanda haikupata hata kilomita moja, na hadi leo haina reli. Wabelgiji walijenga reli fupi kutoka Uvira hadi Kamanyola, ng'ambo tu ya Bugarama, nayo iling'olewa zamani. Anayetaka kujua jinsi usafiri ulivyoibadilisha nchi hii hana budi kuangalia barabara.

Na aangalie vizuri ni nini hasa kilichobadilika. Daraja jipya la Rusumo na kituo chake cha pamoja cha forodha vilizinduliwa rasmi na Rais Kagame na Rais Magufuli Aprili 2016. Kwenye njia ya Mombasa, utaratibu wa eneo moja la forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2014, na ushuru ukawa unalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Taarifa za serikali za wakati ule zilisema safari ya kontena hadi Kigali ilishuka kutoka siku 21 hivi hadi siku 6 hivi. Wenye malori wa Rwanda wanaijua hadithi hiyo kwa mifuko yao. Katika muda huo Mombasa haikusogea karibu na Kigali hata hatua moja. Kilichofupishwa ni kusubiri: foleni za mizani, mihuri, vizuizi vya polisi, karatasi moja kukaguliwa mara tano na watu watano.

Upande wetu wa magharibi kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hapa barabara yenyewe ilikuwa haipo. Njia ya kando ya ziwa, kutoka Rusizi kupitia Nyamasheke, Karongi na Rutsiro hadi Rubavu, ilitiwa lami kipande kwa kipande katika muongo wa 2010, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, za Wachina, za benki za Kiarabu na za hazina yetu. Kabla ya hapo, aliyetaka kutoka Kamembe kwenda Rubavu juu ya lami tupu alipaswa kupita msitu wa Nyungwe, ashuke Huye, aende Kigali, kisha apande Musanze. Yaani alizunguka karibu nchi nzima ili afike upande wa pili wa ziwa lile lile. Barabara ya Nyungwe nayo ilitengenezwa upya katika miaka hiyo, na daraja jipya la Rusizi II likajengwa ili kubeba malori mazito.

Mabadiliko yaliyofuata yanaonekana kwenye kahawa kabla ya kitu kingine. Kahawa mbivu haivumilii kulala: ikichumwa leo inapaswa kumenywa leo, la sivyo inaanza kuchacha na bei yake inaanguka. Mkulima wa Nyamasheke aliyekuwa mbali na kituo cha kuoshea alikuwa akiikausha nyumbani na kuiuza kwa bei ya chini. Gari linapofika jioni hadi kilimani kwake, kahawa ile ile, ya mti ule ule, inauzwa kama bidhaa nyingine kabisa.

Sambaza ni mfano wa pili. Samaki hawa wenyewe ni wageni hapa, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa hakuna anayewaza ziwa bila wao. Wanaovuliwa usiku wanaweza kuwa sokoni Kigali siku inayofuata. Saruji ya kiwanda cha Bugarama, kinachofanya kazi tangu miaka ya 1980, inafika haraka kwa wajenzi wa Karongi na inavuka kwenda Bukavu. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Kigali hasafiri tena akiwa amelala juu ya magunia. Mwanafunzi anakata tiketi ya basi lenye saa yake, na basi linaondoka kwa saa hiyo. Jambo dogo, lakini limewafundisha watu wengi wa wilaya hii kupanga siku zao kwa saa.

Wapo waliopoteza, na ripoti za miradi huwasahau. Boti za mbao zilizobeba watu na mizigo kati ya vijiji vya pwani ya ziwa zimebaki na abiria wachache, isipokuwa za Nkombo na visiwa vingine ambako lami haiwezi kufika. Fuso likija kutoka Kigali kununua sambaza wote kwa mkupuo mmoja, mvuvi anafurahi, lakini mama wa Kamembe aliyekuwa akinunua mboga ya watoto kwa bei ya jioni anakuta beseni tupu. Analalamika, na ana haki. Barabara huunganisha masoko, na masoko yakiunganishwa mwenye fedha nyingi ndiye anayefika wa kwanza. Hilo si sababu ya kuikataa barabara. Ni sababu ya kuangalia kwa makini nani anaachwa pembeni mwake.

Anayeachwa, kwa maoni yetu, ni yule aliye wengi kuliko wote katika mji huu: mama anayevuka Rusizi I kwa miguu. Asubuhi huwaona wakishuka mteremko na mabeseni ya nyanya, vikapu vya mayai, kabichi, maharage, kuku waliofungwa miguu, maziwa. Wanapanda upande wa pili kuelekea Nguba, Nyawera, Kadutu. Jioni wanarudi na vitenge na vitu vya dukani. Mzigo alio nao kichwani hauko mbali na zile kilo 30 za mpagazi wa Kandt. Kati ya shamba na Kamembe umesafirishwa kwa gari na kwa pikipiki, lakini mpakani umerudi kichwani, kama zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kichwa si tatizo lenyewe. Mita hizo ni chache, na mama hulipa kidogo kuzipita kwa miguu kuliko angelipa kwa gari. Tatizo ni saa. Tufanye hesabu ya mfano, kila msomaji aweke tarakimu zake. Mama ana mtaji wa franka 40,000. Kila safari humpa faida ya franka 3,000. Gharama zake za siku, yaani chakula, ushuru wa soko, pikipiki ya kurudi nyumbani na anayemlelea mtoto, ni franka 2,000, awe amevuka mara moja au mara mbili. Mpaka ukiwa wazi kuanzia alfajiri hadi usiku, anavuka mara mbili na kubaki na 4,000. Ukifungwa alasiri, anavuka mara moja na kubaki na 1,000. Amepoteza safari moja kati ya mbili, lakini kipato chake hakikupungua nusu. Kimepungua robo tatu. Na kama mtaji huo ni wa mkopo wa kikundi, ile 1,000 iliyobaki tayari ina mwenyewe.

Mtaji mdogo hukua kwa kuzunguka. Mwenye kontena anaweza kusubiri siku mbili mpakani akalalamika na kuendelea, kwa sababu bati haliozi. Mwenye nyanya hawezi. Kwa hiyo kila saa inayokatwa kwenye mpaka humuumiza maskini kuliko tajiri, na hili watunga sera wa pande zote mbili wanapaswa kulibandika mbele ya meza zao.

Tangu mwaka 2020 saa hizo zimechezewa mara nyingi. Machi mwaka huo, ugonjwa wa Korona ulipoingia, mipaka ilifungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa malori ya mizigo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za afya. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba aliyekuwa na lori aliendelea na biashara, na ambaye lori lake ni kichwa chake alikaa nyumbani. Baadhi ya kina mama walijiunga vikundi, wakakusanya mizigo, wakakodi gari moja na kumtegemea mpokeaji wa ng'ambo awauzie. Waliomwamini mtu mwaminifu waliokoka. Wengine walipoteza mtaji wote na hawajarudi darajani mpaka leo.

Kisha Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Mji ukaingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango, na madaraja ya Rusizi yakarudi kwenye kazi yao ya huzuni, kupitisha watu wanaokimbia na vitu vyao. Yaliifanya kazi hiyo mwaka 1994 kuelekea Bukavu, na yakaifanya safari hii kuelekea Kamembe. Nani mwenye haki katika vita hivyo, kurasa nyingine za magazeti zinabishana kila siku. Sisi tunasema jambo moja la soko: hata wiki zile watu walikula, na mboga nyingi ya Bukavu hutoka upande huu. Geti likifungwa, mwenye silaha hapungukiwi chakula. Anayepungukiwa ni mama wa Kadutu, na pamoja naye mkulima wa Rusizi ambaye kabichi zake zinaozea shambani.

Kuna msafiri mwingine ambaye hadithi yake inafundisha. Ni yule anayetoka Bukavu kwenda Uvira, mji wa mkoa wake mwenyewe wa Kivu Kusini. Barabara ya Kongo inapita milima ya Ngomo, penye kona kali na makorongo ambayo madereva huyataja kwa sauti ya chini. Kwa hiyo kwa miaka mingi wasafiri wamechagua kuvuka Rusizi, kuteremka kwa lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha kuvuka tena kuingia Kamanyola. Ili afike mji wa mkoa wake, mtu huyo anasimama kwenye kaunta 4: kutoka Kongo, kuingia Rwanda, kutoka Rwanda, kuingia Kongo. Analipa na kusubiri kwa kila hatua.

Hapo utaona barabara moja ya wilaya ilivyogeuka kuwa ya kanda. Haikujengwa kwa ajili ya Uvira. Lakini kila gari la Bukavu linalopita Bugarama linaacha fedha: mafuta, chakula, fundi wa matairi, wauza ndizi. Vivyo hivyo uwanja mdogo wa ndege wa Kamembe, unaotumiwa na watu wa Bukavu wanaoelekea Kigali na kwingineko. Faida ya usafiri haisomi ramani ya utawala. Serikali zilizo na akili ya biashara zingemtafutia msafiri huyo karatasi moja ya kupitia, ikaguliwe anapoingia na anapotoka, badala ya kumfanya mgeni mara mbili kwa asubuhi moja. Wazo hilo si geni. Jumuiya ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, ilipoundwa mwaka 1976 na Rwanda, Burundi na Zaire, ilikusudia mambo kama haya haya.

Wasomaji wengi hutuuliza: Kongo si imeingia Afrika Mashariki? Imeingia. Wakuu wa nchi waliikubali Machi 2022, mkataba ukatiwa saini Aprili, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Kwa wanaovuka na mizigo midogo, kitu muhimu katika kanuni za Jumuiya ni cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Kinatolewa pale pale mpakani, bila wakala, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000. COMESA, ambamo Rwanda na Kongo zote zimo, ina utaratibu wake unaofanana na huo, wenye orodha ya bidhaa zinazoruhusiwa. Beseni la nyanya, trei za mayai, magunia mawili ya maharage: vyote hivyo viko mbali kabisa chini ya kiwango hicho.

Ila tusidanganyane. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani pale inapodaiwa, wala cheti cha afya ya mimea na mifugo. Na sheria iliyosainiwa na marais haifiki kwenye kaunta kwa siku moja. Upande wa Kongo bado uko katika kuhamia kwenye kanuni za Jumuiya, na vita vimeirudisha kazi hiyo nyuma. Hapo katikati, mama asiyejua haki yake anatozwa kwa makadirio ya macho. Anayedaiwa fedha adai risiti. Afisa anayekusanya kihalali haoni tabu kuiandika.

Sasa tuseme tunachotaka. Kwanza kabisa tunataka saa za kuvuka kwa miguu Rusizi I na Rusizi II zikubaliwe na pande mbili, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na zisibadilishwe bila notisi ya siku 3, isipokuwa kwa hatari ya kweli. Hatari ya kweli ikitokea, wafanyabiashara waambiwe mapema kadiri inavyowezekana, hata kwa redio, ili mama asinunue nyanya za franka 40,000 saa moja kabla geti halijafungwa. Saa hizo, pamoja na orodha ya ada halali, zibandikwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Mashi na Kifaransa, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama kwenye foleni.

Tunajua jibu litakalokuja: usalama. Tunalichukua kwa uzito, maana wengi wa wasomaji wetu wamezika ndugu katika vita vya kanda hii. Lakini kufupisha saa hakupunguzi idadi ya wanaohitaji kuvuka. Kunawasukuma wengine kwenye mto na ziwa usiku, kwa mitumbwi isiyo na taa, pasipo afisa wa kuwaandika. Anayejali usalama angependelea watu hao wapite mbele ya kaunta, mchana na jioni, na majina yao yaandikwe.

Pili, kwenye daraja kuwe na njia ya wabebaji iliyotengwa na foleni ya magari, yenye paa. Mvua za Rusizi hazina adabu, na saa mbili za jua la Julai zinatosha kuharibu maziwa. Gharama ya paa hilo, ukilinganisha na kilomita moja tu ya lami ya milimani, ni ndogo mno kujadiliwa.

Vyama vya wafanyabiashara navyo vina kazi yao. Viongozi wa vyama wamezoea kwenda kwenye semina na kurudi na kofia na fulana. Safari hii waende na daftari. Kila mwanachama aandike kwa mwezi mmoja: siku gani geti lilifungwa mapema, alikuwa na mzigo gani, kiasi gani kilioza, alitozwa nini na kama alipewa risiti. Kamati za mpaka hukutana na viongozi wa wilaya, na malalamiko bila tarakimu husikilizwa kwa heshima kisha husahauliwa kabla ya chai. Daftari 50 zenye tarehe ni vigumu kuzisahau.

Gazeti hili litapokea nakala za daftari hizo bila kuchapisha jina la mtu. Na mara saa mpya zitakapotangazwa, tutaziandika juu ya ukurasa wa bei za masoko, kila siku, chini ya bei ya viazi.